Nilichokiacha Kwenye Tangi la Mama Mkunga

Mshauri mpendwa,

Nakuandikia mikono ikinuka dizeli, na unisamehe kama karatasi ina madoa, mimi ni fundi wa injini za boti, kazi hii nimeifanya miaka ishirini na sita na hapa gatini kwetu wananiita Daktari, jina ambalo sikujipa mwenyewe lakini sikulikataa pia, na leo naomba msaada wako kwa sababu tangu Jumamosi ile sahani yangu inarudi jikoni kama ilivyokuja, na mke wangu ameniambia kama siwezi kumweleza yeye kinachonisumbua basi nimweleze mtu yeyote, hata gazeti.

Kuna mama mmoja, mkunga mstaafu, umri wake sabini kasoro, marehemu mumewe alimwachia mashua ya tanga yenye injini ndogo ya dizeli, injini kuukuu ya kizamani, ile ya kuwasha kwa kuzungusha mkono siku betri ikinuna. Mashua ilikaa miaka mitatu juu ya magogo, mwaka huu mama akasema anataka irudi majini, akaniita mimi, nikamwaga dizeli yote iliyoharibika, nikasafisha tangi, na mdomo wa tangi lile ni mdogo, mkono wangu hauingii, kwa hiyo nilichana shati langu kuukuu la kazi, nikawa nafunga vipande kwenye ncha ya fimbo na kufuta ndani, nikimaliza kipande nafunga kingine, kisha nikafunika tangi, tukajaza dizeli mpya kutoka kwa mwenye mapipa, bwana mmoja mpole anayeuza dizeli pale gatini tangu nilipoanza kazi. Injini ikawaka mara moja, mama akapiga kigelegele, mimi nikavimba kichwa.

Siku tulipotoka kuijaribu ilienda dakika ishirini, na pale tu tulipopita mdomo wa bandari, kwenye mawimbi, ikaanza kukosa pumzi, ikakohoa, ikazima. Miamba ilikuwa karibu na mimi nilikuwa nimeinama kwenye injini natokwa jasho, lakini mama alisimama akapandisha tanga mwenyewe, bila papara, upepo ukatugeuza tukarudi, na tulipofika gatini nikabonyeza kitufe cha kuwashia, ikawaka kama haijawahi kuugua. Nikabadilisha chujio, nikalegeza skrubu nikatoa hewa kwenye mabomba hadi mapovu yakaisha, tukatoka tena, dakika ishirini, ikazima. Nikafungua pampu, nikasafisha nozeli, nikaweka mipira mipya ya kupitisha mafuta, tukatoka mara ya tatu, ikazima palepale, na gatini ikawa inanguruma mchana kutwa bila shida yoyote.

Mshauri, mtu anayeitwa Daktari hapendi kusema sijui. Mara ya tatu tuliporudi wenye boti walikuwa wamejaa gatini wakisubiri kusikia, nikafungua chujio mbele yao, ndani mkawa na nyuzinyuzi na uchafu, nikainua juu kila mtu aone, nikasema kwa sauti, tena ile sauti ya kusikika hadi mwisho wa gati, "Injini haina kosa. Dizeli hii imechakachuliwa." Mwenye mapipa alikuwa pale pale. Alisema, "Fundi, mimi? Unanijua mimi." Nikamwambia mimi naijua dizeli.

Sasa nifike kwenye Jumamosi. Mama mkunga alikuja gatini na mkoba wake wa zamani wa kazi, akaniambia, "Ifunge mashua kwa kamba nne, uwashe, utie gia, uongeze mafuta, isukume ikiwa imefungwa. Kila siku unaipima ikiwa imepumzika, mwanangu. Mtu anayepanda ngazi akachoka humpimi kitandani." Nikaona aibu, maana jambo hilo lilikuwa wazi na mimi sikuliwaza, nikafunga kamba, injini ikaanza kuvuta kweli kweli, mashua ikawa inatetemeka. Akatoa kwenye mkoba kile kipembe cha mbao cha kusikilizia moyo wa mtoto tumboni, akapiga magoti, akakiweka juu ya bati la tangi, akalaza sikio, akafumba macho.

Sijui nikuelezeje. Injini inaunguruma, bati linatikisika, mimi mwenyewe sisikii hata ninachosema, na mama yule anahamisha kipembe inchi moja, anasikiliza, inchi nyingine, anasikiliza, uso wake umetulia kabisa, na watu wote gatini wakasogea ukingoni kutazama. Zilipita kama dakika ishirini. Akainua kidole. "Hapa. Inanyonya, inanyonya, sasa inabanwa." Hakumaliza neno injini ikakohoa ikazima. Hakuondoa sikio. Akangoja kidogo akasema, "Sasa imeachia." Nilisimama mkono mdomoni, maana miezi miwili nimefungua kila nati ya injini ile na sikuwahi kujua kwamba kuna kitu cha kusikia humo ndani.

Akaniagiza nifungue mfuniko wa tangi. Akavua saa, akakunja mkono wa gauni hadi begani, akapitisha mkono wake mwembamba katika ule mdomo hadi kwapani, uso ameugeuzia upande wangu lakini hanitazami, akawa anapapasa taratibu na kusema kwa sauti ndogo, "Njoo, njoo, usiogope." Nakuapia nilisahau kupumua. Akatoa kitu cheusi kinachochuruzika, akakikunjua kwenye kiganja, kilikuwa kitambaa, na kwenye pindo lake kuna kifungo kimoja. Kifungo cha shati langu, mshauri. Kilikuwa kinaelea humo tangu siku niliyosafisha, injini ikivuta kwa nguvu kinakwenda kuziba bomba la kunyonya, ikizima kinaachia, ndiyo sababu kila tulipopumzika iliwaka vizuri, na zile nyuzi nilizowaonyesha watu zilikuwa nyuzi zangu.

Mama akakitazama, akanitazama, akaniuliza kwa upole, "Fundi, viliingia vingapi?" Sikuelewa alichomaanisha, na sikujipa muda wa kuelewa, kwa sababu mdomo wangu ulishatangulia. Nilisema, "Mama, hili ni tambara la mwenye mapipa, yeye huziba mapipa yake kwa matambara, limeingia wakati wa kujaza." Akakikunja kitambaa kile mara mbili, akakiweka chini. Akasema, "Haya." Akaomba sabuni akanawa mkono.

Basi mashua inakwenda sasa, inatoka na kurudi, na mimi nasifiwa pamoja naye. Mwenye mapipa hana mteja. Wenye boti wanabeba madumu hadi kituo cha mafuta cha mjini, na mwisho wa mwezi huu watakutana kuamua kama aondolewe gatini, na wameniomba mimi niseme kama mtaalamu. Jana nilipita nyuma ya kibanda chake nikamwona amemimina dizeli kwenye chupa nyeupe, ameiinua kwenye jua anaitazama, peke yake, hakuna mtu wa kumwonyesha. Alinisikia, akageuka, akasema, "Shikamoo, fundi." Yeye ni mkubwa kwangu, mshauri. Mimi ndiye ninayepaswa kumwamkia.

Nikisema ukweli, miaka ishirini na sita inakwenda na maji, nani ataniletea injini yake? Nikinyamaza, mzee yule anaondoka. Na mama mkunga kila akiniona ananisalimia vizuri tu, jambo ambalo linanimaliza. Nifanye nini?

Ni mimi, fundi wa gatini.

*

Fundi,

Barua yako imefika na madoa yake yote. Nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa sababu ndiyo kazi yangu, mara ya pili kwa ajili ya huyo mama. Meza hii imepokea barua za waume, za wake, za mawifi wasiopikika chungu kimoja, lakini mtu aliyeweka kipembe cha watoto kwenye tangi la dizeli akasikia ugonjwa, huyo sijawahi kuletewa. Nilipofika pale alipoinua kidole niliweka chini kikombe changu cha chai. Kwa hiyo kusahau kupumua nakuelewa.

Sasa tuje kwako. Kusahau kitambaa ni kosa la kazi. Linauma, lakini linampata mtu yeyote mwenye haraka, na ungelikiri palepale gatini wangekucheka wiki mbili halafu wangekuletea injini zao kama kawaida. Tatizo lako ni kwamba una majibu ya haraka mno. Injini imezima, nani? Mwenye mapipa. Tambara limepatikana, la nani? La mwenye mapipa. Siku tanga likichanika nadhani utamtafuta yeye pia. Mara ya kwanza ulikosea, sawa, uliamini ulichosema. Mara ya pili kifungo chako kilikuwa mbele ya macho yako. Hiyo ya pili haina jina lingine, ni uongo, na aliyeubeba ni mtu aliyekuwa amekuambia, unanijua mimi.

Unasema hukuelewa swali la mama. Fundi, mkunga huhesabu. Vitambaa anavyotumia wakati wa kuzalisha anavihesabu kabla, anavihesabu baada, na kimoja kikipungua hakuna anayeondoka chumbani hadi kipatikane. Hakuwa anakufumbia. Alikuuliza swali la kazi, fundi kwa fundi: viliingia vingapi, na vilitoka vingapi? Yeye anajua. Nadhani alijua mkono wake ukiwa bado ndani ya tangi. Na hiyo "Haya" yake usiihesabu kuwa amekubali. Mama huyo amekaa maisha yake yote akisubiri kitu kitoke chenyewe, na kikishindwa kutoka, anaingiza mkono. Naye ana mashua, kwa hiyo atakuwepo kwenye mkutano. Usimfikishe hatua ya kuingiza mkono.

Unaogopa kwa ajili ya jina lako. Sitakudanganya, litapungua. Wapo watakaokuita Daktari wa Matambara hadi uzeeke, na wapo watakaopeleka injini zao kwingine. Utavumilia. Una mikono, una spana, na sasa umejifunza kupima injini ikiwa kazini, jambo ambalo ulipaswa kulijua siku nyingi. Mwenye mapipa hana cha kuvumilia nacho.

Maana nimekaa nikaiwaza ile chupa uliyoiona nyuma ya kibanda. Wewe unadhani mzee anatafuta namna ya kuwaridhisha wateja. Hapana. Mtu anayetaka kuwaridhisha watu husimama mbele ya kibanda, wakamwona. Yule alikuwa nyuma, peke yake, anatafuta maji kwenye dizeli yake mwenyewe. Fundi, ameanza kukuamini wewe kuliko mapipa yake mwenyewe. Ndiyo maana alikuamkia. Hilo ndilo lililonitoa machozi, si miaka yako ishirini na sita.

Kwa hiyo usisubiri mkutano. Siku utakayosoma gazeti hili, likunje, uende. Usiende na rafiki wa kukusindikiza wala usibebe zawadi, maana zawadi itamlazimisha akushukuru. Umwamkie wewe, inavyopaswa. Umweleze shati, fimbo, kifungo, na ule uongo wa Jumamosi, vyote kwa mpangilio, bila kuniweka mimi wala shetani katikati. Akikufukuza, ondoka, kesho yake urudi. Ukitoka kwake pitia kwa mama mkunga umjibu swali lake, na kama hukumbuki idadi mwambie hukuhesabu, hilo ni jibu pia. Nyumbani mweleze mkeo kabla hajasikia kwa watu, kwa sababu huyo amekuvumilia vya kutosha. Halafu kwenye mkutano simama kabla hawajafungua mazungumzo, useme kwa ile ile sauti uliyosemea "imechakachuliwa", ifike hadi mwisho wa gati. Ulichafua kwa kelele, usije ukasafisha kwa mnong'ono.

Na ukiwa mbele ya mzee yule, usianze na samahani. Najua ndiyo itakayokuja kwanza mdomoni, na mdomo wako tumeshauona ulivyo. Samahani ni haja yako wewe, inaweza kungoja. Yeye ana haja nyingine, ana siku nyingi anaitafuta peke yake na hakuna mtu mwingine duniani anayeweza kumpa. Anza nayo hiyo. Mwambie, "Mzee wangu, dizeli yako ilikuwa safi tangu siku ya kwanza." Kisha nyamaza, hata kama atachukua muda, umwache alisikie neno hilo.