Misalaba ya Wino

Kagoshima, 5 Oktoba

Binti yangu Chinatsu,

Hujambo huko Sendai? Baridi imeshaanza? Mimi sijambo, ukiondoa saratani. Usishtuke, ilikuwa titi la kushoto, punje kama ya soya, wameitoa. Kesho naanza kupigwa miale ya protoni, mara ishirini na tano. Moyo wangu mbovu unaujua. Daktari anasema miale hii ikifika inapotakiwa inasimama, moyoni haiendi. Nikamwambia, "Laiti marehemu mume wangu angekuwa na adabu hiyo." Hakucheka.

Wamenichora misalaba ya wino kifuani, mashine ilenge palepale. Usije. Una kazi.

Mama yako

Sendai, 8 Oktoba

Shikamoo mama,

Miaka mitatu kimya tangu tugombane kwenye mazishi ya baba, halafu "ukiondoa saratani"? Nije lini?

Mwanao

Kagoshima, 14 Oktoba

Mwanangu,

Unaendeleaje? Mimi nimeharibu. Unajua siwezi kwenda mbele za watu na mwili mchafu. Jana kabla ya kutoka nilijisugua kama tunavyojisugua kabla ya kuingia kwenye hodhi la maji ya moto, ngozi ikang'aa. Misalaba yote ikaenda na maji! Hospitalini wakanipima upya saa mbili nzima, mikono juu, kifua wazi, vijana wanne wananiinamia na kuniomba radhi, wao! Heri wangenitukana.

Aibu hiyo sirudii. Siendi tena.

Mama yako

Sendai, 16 Oktoba

Mama,

Salamu baadaye. Siku ya mazishi nilikuita mwanamke asiye na moyo, kwa kuwa watu walilia na wewe ulikuwa unasugua sakafu. Leo nimesoma barua yako mara tatu ndipo nikaelewa: ukiogopa, unasugua. Nisamehe.

Ogopa tu, mama. Lakini nenda.

Mwanao

Kagoshima, 14 Novemba

Chinatsu wangu,

U mzima? Nisamehe kimya, nilikuwa na miadi kila siku ya kazi. Nilikosa siku tatu tu, hadi barua yako ilipofika. Leo nimemaliza. Muuguzi akasema, "Sasa mama, sugua utakavyo." Nimechemsha maji, nimeshika kitambaa, mkono umegoma. Misalaba bado ipo, imefifia.

Mgongo wangu hakuna aliyeusugua tangu uondoke. Nilikuandikia usije. Njoo.

Mama yako

Sendai, 17 Novemba

Mama,

Jumamosi, treni inayofika saa tisa alasiri. Usisugue sakafu.

Mwanao