Kiapo cha Mlango wa Buluu

Quakers Hill, Sydney
Jumanne, 9 Septemba 2025

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, mama. Naiandika ingawa najua huenda kwa sasa hutaki kuiitikia. Goti linaendeleaje? Kaka Fidelis aliniambia umeanza tena kwenda shamba kwa miguu na dawa ya kuchua imekwisha, kwa hiyo nampa Henry, anayekuja nyumbani likizo, chupa mbili pamoja na barua hii. Na kahawa je, mmemaliza kuchuma? Mimi mwili ni mzima na kazi inaendelea, ila usingizi sina.

Naandika kwa mkono kwa sababu simu zangu hupokei, na ujumbe wa sauti siutumi. Nakujua, mama. Utauwasha pale jikoni kwa sauti ya juu na jirani atausikia kabla yako. Henry anaondoka Alhamisi, akifika Songea atamkabidhi Fidelis, na Fidelis ataileta Mbinga mwenyewe. Nimemsihi asiifungue. Kama gundi imeachia, basi mpige kofi moja kwa niaba yangu.

Fidelis ameniambia yote. Kwamba picha yangu ilifika kwenye simu ya katibu wa chama cha akina mama, nikiwa nimevaa gauni jeupe, mshumaa mkononi, utepe wa buluu kwenye kifundo cha mkono, na chini yake imeandikwa kwamba mtoto wa mwenyekiti ameingia Frimasoni huko Australia. Kwamba wamekuomba ukae pembeni kwanza mpaka jambo lieleweke. Kwamba umesema nikueleze nilichoapa, neno kwa neno, na nisipofanya hivyo nisikuite mama tena. Jamani, mama!

Picha aliipiga Gakii, yule Mkenya ninayeishi naye na kufanya naye kazi, akaiweka kwenye stetasi yake bila nia mbaya. Aliyeituma nyumbani ni Vicky, yule wa kwetu aliyeko huku Sydney. Vicky huyu huyu aliyekula pilau kwangu Pasaka akabeba na ya kwenda nayo! Sitamgombeza, lakini kumsalimia itanichukua muda. Hebu nikueleze ilivyokuwa, na nakuomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika njiani.

Kwenye ile nyumba ya wazee ninakofanya kazi yuko Bibi Maribeth, Mmarekani wa miaka themanini na sita, aliyeletwa huku na mume wake zamani. Mimi ndiye ninayemwogesha. Mkono wake wa kushoto una utepe wa buluu uliochakaa, na siku ya kwanza nilipotaka kuuvua nimwogeshe vizuri alinizaba kibao cha mkono, mama, kibao hasa, kisha akalia na kuniomba radhi. Ndipo akaanza kunisimulia.

Alisoma chuo kidogo cha wasichana huko Ohio. Mwaka 1911 wasichana saba wa chuo hicho, ambao hawakuwa na ndugu karibu, walipanga nyumba moja yenye mlango wa buluu wakakubaliana kuwa dada kwa maisha yote. Vyama vya namna hiyo ni vingi Marekani, vina majina ya herufi za Kigiriki, na chao kilikuwa na herufi zake tatu, lakini wenyewe walijiita Dada wa Mlango wa Buluu. Kila Jumapili jioni walikunywa chai pamoja wakiwa wamevaa nyeupe. Kila mwaka waliita majina ya wote waliowahi kuingia, na aliyekufa aliitikiwa na aliye hai. Dada mpya alibeba yai bichi mfukoni siku saba, limeandikwa jina la dada mkubwa wake, na likivunjika anaanza upya. Usicheke. Bibi Maribeth anasema lake lilivunjika mara nne, moja likiwa kanisani wakati wa mahubiri.

Halafu chuo kikafungwa mwaka 1961, nyumba ikabomolewa, pakawa maegesho ya magari ya daktari wa meno. Dada wakabaki kuandikiana barua. Daftari la majina lilizunguka kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine mpaka likamfikia yeye hapa Sydney, majina mia moja arobaini na matatu. Mwezi wa tatu mwaka huu aliyekuwa amebaki Arizona naye akafa. Bibi Maribeth akabaki peke yake.

Kilichomtesa kilikuwa kitu kimoja. Kwa desturi yao dada hazikwi na utepe mkononi. Lazima dada mwenzake aufungue, aseme jina lake, ndipo apumzike. Kila nikimwogesha alikuwa ananishika na kuniuliza nani atamfungua. Nilimwambia mwanawe atamfungua. Akasema mwanawe ni mtu mzuri lakini si dada. Aliacha kula, mama. Nilikuwa naondoka kazini naye machoni, nikiwa kwenye treni ya kwenda darasani nawaza mkono ule.

Kwa hiyo alipouliza kama ningekubali kuwa dada, nilikubali. Kwanza niliuliza kama kuna jina lolote linaloombwa zaidi ya la Mungu, akakasirika, akasema yeye ni Mmethodisti tangu tumboni na wao hufungua kwa Baba Yetu. Nikamuuliza meneja, akaruhusu, akadhani ni michezo ya wazee. Yai nililibeba. La kwanza lilipasuka kwenye treni katikati ya mji, mfuko wote wa sare ukalowa, na mzee mmoja akanipa leso yake bila kuuliza kitu. La pili lilifika siku saba. Gauni jeupe ni lile la harusi ya Fidelis. Tukawasha mishumaa ya betri, kwa sababu moto hauruhusiwi humo ndani, na hiyo ndiyo picha uliyoiona.

Tulisali Baba Yetu. Akaita majina yote, mengine akikohoa, na mimi nikawaitikia wafu wote mmoja mmoja. Akanifunga utepe. Kisha kikaja kiapo, na hapo ndipo nilipoambiwa nisimwambie mtu asiye dada. Nilipopata habari yako kutoka kwa Fidelis nilichanganyikiwa. Nikikuambia, nimemsaliti mgonjwa aliyeniamini. Nisipokuambia, sina mama. Siku tatu nilikuwa nafanya kazi kama mtu mwenye homa, mpaka nikampa mzee wa chumba cha saba dawa ya meno badala ya mafuta ya kujipaka.

Jumapili nilikwenda kwake nikamweleza. Hakukasirika. Aliniuliza mama yangu alisema nini nilipomwambia lile jambo nililomnong'oneza yeye siku ya kiapo. Nikamwambia sijawahi kumwambia. Akanishika mkono wenye utepe. Kisha akasema la kwake ni kulitunza tu, mwenye jambo ni mimi, na nikitaka kulipeleka kwa mama yangu hakuna kiapo kinachonizuia, hata maneno ya kiapo chenyewe nimweleze. Akasema pia kama ni yeye angelipeleka leo, maana yeye la kwake alichelewa, mama yake akafa.

Basi ndicho hiki, mama, neno kwa neno kama ulivyotaka. Dada mpya humnong'oneza dada mkubwa jambo linalomwaibisha kuliko yote maishani mwake. Dada mkubwa hujibu maneno haya: "Nimesikia, na bado u dada yangu." Kisha mpya huapa kwamba akinong'onezwa aibu ya mwingine naye atajibu hivyo hivyo, na hatamtangaza. Hakuna kingine. Hakuna damu wala jina la shetani.

Na nilichonong'ona ni hiki. Baba alipofariki mwaka juzi, baada ya mazishi niliwaambia kwamba kazini walinikatalia ruhusa. Mkamlaani meneja wangu, na wewe ukamwombea novena ili moyo wake ulainike. Mama, ruhusa nilipewa siku ile ile. Meneja mwenyewe alinipeleka uwanja wa ndege. Nilikuwa na tiketi, sanduku lilishapita. Nilikaa kwenye kiti mbele ya mlango wa kupandia, wakaniita jina kwenye spika mara mbili, na sikuinuka. Niliogopa kumwona baba ndani ya jeneza. Nilidhani nisipomwona atakuwa bado yupo, amekaa barazani na redio yake. Ndege ikaondoka. Nikarudi chumbani, nikazima simu, na nyinyi mkachelewesha mazishi siku mbili mkinisubiri. Fidelis aliniambia baadaye ulikuwa unatoka mpaka barabarani kila basi la Songea likisimama. Nilizima simu nikijua mtanisubiri, mama. Nilijua unasubiri.

Hilo ndilo nililomwambia mzungu wa watu kabla ya kukuambia wewe, na kwa hilo pia naomba radhi. Kwa akina mama wa parokia unaweza kusoma ukurasa wa yai na wa majina, wacheke. Huu wa mwisho ni wako peke yako, lakini ukiamua kuusoma mbele yao sitakulaumu.

Nisalimie mamdogo, mke wa Fidelis na watoto. Mwambie wifi nimepata saizi ya viatu vya kitinda mimba, Henry anavyo. Dawa ya goti paka ukiwa umeketi, usiku usifunge kitambaa. Nitakupigia Jumapili baada ya misa, na usipopokea nitaelewa, na Jumapili inayofuata nitapiga tena.

Barua zote nilizokuandikia nilimaliza kwa kujiita mwanao mpendwa. Safari hii nimeshika kalamu hapa mpaka chai imepoa, na neno hilo nimeshindwa kuliandika. Kuniita hivyo ni juu yako, mama.

Theresia