Makaburi Yasiyo na Mwenyewe

Jumatatu, 14 Septemba 1964

Mihuri tangu asubuhi. Vidole vimegeuka zambarau. Saa tisa mvua, kama kawaida ya Kakamega, na mawe yake juu ya mabati hata husikii unalofikiri. Miaka miwili huku bara na bado sijazoea. Mzee Andala, karani mwenzangu, hunicheka kila siku. Eti Mswahili gani anaogopa maji.

Barua ya Mjomba imefika kutoka Pwani. Bibi hali tena chakula. Bibi ndiye aliyenilea, mama yangu nilimjua kwa jina tu. Anataka jambo moja, azikwe Kirimbani, ubavuni kwa Babu. Nafasi yake ilipimwa siku ile ile Babu alipozikwa. Lakini Kirimbani pamezungushwa seng'enge tangu mwezi wa sita. Pamekuwa pa makumbusho. Mjomba anasema, wewe uko serikalini, zungumza nao.

Serikalini! Nagonga mihuri mimi.

Jumanne, 15 Septemba

Nimeiandikia ofisi ya mambo ya kale. Rasimu nne. Nimeeleza kwamba Kirimbani ni mji uliokufa zamani sana, msikiti hauna paa, nyumba zimebaki kuta za matumbawe. Kwamba makaburi yenye minara na bakuli za kichina zilizopachikwa ukutani ni ya ukoo wetu, na kwamba hatujaacha kuzika huko hata baada ya mji kuhamwa. Kwamba kila mwaka kabla ya mfungo wanawake wetu huenda kufagia na kufukiza udi. Nimeomba ruhusa ya kaburi moja. Moja tu.

Jumamosi, 19 Septemba

Kimya.

Alhamisi, 24 Septemba

Jibu limekuja. Mistari mitatu. Hakuna kumbukumbu ya mtu yeyote kudai makaburi ya Kirimbani. Tazama nakala ya ripoti ya upimaji, imeambatishwa.

Nimeitazama. Laiti nisingeitazama. "Wenyeji wanasema makaburi hayana mwenyewe, ni ya majini." Chini yake, mkalimani. Jina langu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mzungu alikuja na mnyororo wake wa kupimia, na mimi peke yangu kijijini nilikuwa na Kiingereza cha shule. Akauliza makaburi ya nani. Nikajibu tulivyofundishwa sote, tangu tunajifunza kuamkia wakubwa: mgeni akikuuliza, mwambie ni ya majini. Kwa sababu ya wachimba hazina, na wale wanaobandua bakuli wakauze. Jini humwogopesha mwizi kuliko kufuli. Hata nyayo zetu tulizifagia tukitoka.

Nikamwambia, akaandika. Nikarudi mbio kumsimulia Bibi. Alicheka mpaka akashika mbavu, akanipa kipande cha halua. Nilijiona hodari.

Ijumaa, 25 Septemba

Nimeomba likizo niende mwenyewe. Mkuu wa ofisi amekataa. Mafaili ya mkoa yanakabidhiwa, hakuna karani kuondoka hadi Novemba. Nimesema bibi yangu anakufa. Akasema bibi si mzazi, angekuwa mama angefikiria. Nilitaka kumrushia kile kidau cha wino. Nikasema asante bwana. Najichukia.

Jumapili, 27 Septemba

Nimemweleza Mzee Andala yote. Amenisikiliza hadi mwisho. Kisha, "Kwetu mama anazikwanga hapo mbele ya nyumba yake. Ruhusa ya nani tena?" Mkewe ameniletea obusuma na ingokho, ugali wao na kuku. Nimekula kwa heshima yao.

Jumanne, 29 Septemba

Barua ya pili. Safari hii sikuremba. Niliongopa, bwana. Nilikuwa mtoto na nilitumwa na desturi. Makaburi yana wenyewe na ni sisi.

Nimeipeleka posta mbio, na mvua, na viatu mkononi. Watu wamenitazama kama mwendawazimu. Na watazame.

Niliporudi nimekuta simu ya maandishi ya Mjomba mezani. BIBI MAHUTUTI RUHUSA IKO WAPI.

Nimeikunja nikaitia mfukoni.

Jumatano, 30 Septemba

Bibi amefariki alfajiri. Inna lillahi.

Alhamisi, 8 Oktoba

Barua ndefu ya Mjomba. Walilibeba jeneza mpaka langoni Kirimbani, wakaliweka chini. Mlinzi ni Omari, mtoto wa shangazi yangu. Akauliza, mmekuja na karatasi? Hawakuwa nayo. Akalia, lakini kufuli hakufungua, kwa kuwa ana watoto na kazi ameipata juzi. Wakangoja hadi alasiri, wakidhani huenda simu yangu itafika. Maiti hawekwi usiku kucha. Wakamzika makaburi mapya ya barabarani, kati ya watu asiowajua.

Mjomba hakunilaumu popote. Nimeitafuta lawama mstari kwa mstari. Afadhali angenitukana.

Jumanne, 20 Oktoba

Wameisoma barua yangu ya pili. Wamenishukuru kwa ukweli na wameleta fomu. Wanataka kujua makaburi ni ya nani, wapate kuandika kibao cha wageni.

Wenzangu wamekwenda kula. Ofisi baridi. Nimejaza polepole, kwa mwandiko mzuri.

La mnara mkubwa ni la Mwinyi Kombo, mzee wetu wa kale aliyechimba kisima. La pili, binti yake, Mwana Aziza. La tatu ni la mtoto mchanga, hakupewa jina. La nne, babu yangu, Bakari bin Kombo.

La tano, ubavuni kwake. Hapo nimechovya kalamu upya. Kisha nimeandika: Halijachimbwa. Mwenyewe amezikwa kwingine.