Ng'ombe wa Malkia

Ijumaa, 22 Mei 1953

Nimechinja mapema, nikafunga bucha saa sita, nikaenda msikitini. Ramadhani hii baridi ya Thika inasaidia, kiu haisumbui. Njaa ndiyo kazi, kwa mtu anayeshinda akikata nyama za wenzake bila kuonja.

Jioni amekuja dereva wa Bwana Miwani, mzungu mwenye shamba la kahawa kule Ruiru. Jina hilo amepewa na wafanyakazi wake. Malkia anavikwa taji tarehe mbili mwezi ujao na shamba litafanya karamu. Bwana anataka ng'ombe achinjwe na mkono wa Mwislamu, ili askari wa Kinubi na Waislamu wenye maduka Ruiru nao wapate fungu lao jioni wakifuturu. Nilikubali kabla dereva hajamaliza maneno.

Nilimtumikia Mfalme, baba yake Malkia, vitani kule Burma, nikatoka na cheo cha koplo. Nilikula kiapo chake nikiwa kijana, na alipokufa mwaka jana nililia mbele ya wateja. Sikuona haya. Kazi hii ni heshima kwangu.

Jumapili, 24 Mei

Ruiru kwa baiskeli kumwangalia ng'ombe. Maksai mwekundu, mnene, mpole. Alinilamba mkono.

Bwana Miwani alinionyesha shimo la moto na chuma kirefu kama mlingoti. Maksai atachomwa mzima. Anasema ndivyo walivyofanya kijijini kwa babu yake alipotawazwa mfalme wa zamani, kijiji kizima kikala kwa mnyama mmoja. Alipokuwa akisimulia macho yalimlenga machozi. Nilimpenda kwa hilo. Wazungu wengi humtaja Malkia kama watu wanaotaja mali yao. Huyu anamtaja kama mtoto wa nduguye.

Mpango ni huu. Picha ya Malkia itawekwa mezani. Kila mwanamume wa shamba atapita mbele yake, atapiga saluti, atataja jina la Malkia, atakatiwa kipande na kula papo hapo. Nyapara Muchiri atasimama pembeni akiangalia. Niliona ni mpango mzuri, kama gwaride.

Shemeji yangu Gitau, ndugu wa mke wangu, anafanya kazi kwenye mashine ya kuosha kahawa huko huko. Kila tukionana hunitania, ananiita mjane wa ng'ombe, eti kila siku nafiwa na mmoja. Leo alitazama lile shimo, akanisalimu, akaenda zake.

Jumatatu, 25 Mei

Nimeudhika sana.

Wakati wa kufuturu nilimweleza mke wangu karamu itakavyokuwa. Jina lake la msikitini ni Halima, lakini nyumbani amebaki Wambui. Akaweka bakuli la uji chini.

"Baba Asha, hiyo ni kiapo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Mnyama mmoja, moto mmoja, wanaume wamezunguka. Unataja jina ya mtu, unakula nyama yake ukiangaliwa. Ngai! Hiyo ni nini kama si kiapo?"

Nikamwambia ni karamu tu, wazungu hawana viapo vya nyama. Akaniuliza kwa nini basi serikali inazungusha watu wa kuwatapisha wenzao kile kiapo cha watu wa msituni wanaopigana na wazungu, nao wanatumia mbuzi. Nilikasirika. Malkia wangu kulinganishwa na watu wa msituni, tena nyumbani kwangu, tena Ramadhani! Nilikwenda kuswali bila kumaliza uji.

Jumatano, 27 Mei

Sasa najua kwa nini Wambui hakucheka. Haya naandika kwa sababu hakuna wa kumwambia.

Gitau amekula kiapo cha msituni. Alikula mwaka jana, katikati ya mibuni, na wenzake wa kambi ya wafanyakazi. Kwa kupenda au kwa panga shingoni, Wambui hakusema nami sikuuliza. Aliambiwa akila kingine juu yake, kitamuua. Anaamini hivyo kabisa, kama mimi ninavyoamini jina la Mungu juu ya kisu.

Na kambi nzima inasadiki kuwa ng'ombe wa Malkia ni kiapo. Bwana Miwani hajui. Lakini nyapara Muchiri anajua vizuri, na ameshawatangazia: asiyekula ni mtu wa msituni, atapanda lori siku hiyo hiyo. Watu waliopandishwa malori tangu hali ya hatari itangazwe hatujui wako wapi.

Kwa hiyo Gitau akila, anakufa kwa imani yake. Asipokula, lori.

Mimi nina Ramadhani. Nitasimama pale mchana kutwa bila kutia kitu kinywani na hakuna atakayeniuliza. Yeye hana cha kusingizia.

Ijumaa, 29 Mei

Nilikwenda kumwona Bwana Miwani. Wambui ndiye aliyenipa maneno. Nikasema, Bwana, tumkate vipande, wanawake wampike kwenye masufuria pamoja na viazi na mahindi, kila mtu achukue chake akale kwake. Chungu cha wanawake hakina kiapo, kila mtu kambini anajua hilo.

"Hapana, Koplo. Nataka nzima. Kama kwetu."

Hakukasirika. Alinishika bega, akaniambia watu watafurahi wakiona.

Kwa nini, sikuweza kumwambia. Ningesema watu wako wanaogopa, angeuliza nani. Ningesema wanaogopa kwa sababu gani, angezidi kuuliza nani. Kila neno la kweli lilikuwa na jina la Gitau mwishoni. Nikaaga. Nyapara Muchiri alinisindikiza mpaka getini akitabasamu. Sipendi meno ya mtu yule.

Jumamosi, 30 Mei

Gitau alikuja Thika na kibali kuchukua mkanda wa mashine. Akapita bucha, akakaa nyuma kwenye gogo. Amekonda. Nilimpa chai, mimi nikaendelea kunoa kisu.

"Shemeji, wewe ulikula ile ya Mfalme."

Nikasema ndiyo.

"Ungekula ingine juu yake?"

Nikasema hata wanikate.

"Basi."

Akamaliza chai, akachukua mkanda wake, akaenda kuwahi gari kabla ya saa ya kafyu. Nimekaa na neno hilo moja mpaka adhana. Nilikuwa na hotuba nzima ya kumwambia, kwamba Malkia hana ubaya, kwamba nyama ni nyama. Nimeimeza yote.

Jumapili, 31 Mei

Sikufungua bucha. Nilikaa na Kurani, sikusoma. Wambui ameacha kuniuliza nitafanya nini.

Jumatatu, 1 Juni

Nimefanya.

Nilifika Ruiru alasiri. Picha ya Malkia ilikuwa tayari mezani, imezungushiwa maua ya memsabu, mke wa Bwana. Kuni zimepangwa shimoni. Nilimlaza maksai, nikamwelekeza kibla, nikapiga bismillahi na takbiri, nikakata. Damu ilitoka nyekundu, safi, ikaanza kuganda vizuri. Sijawahi kuchinja mnyama mzima wa afya kuliko huyo.

Nikamfungua. Nikaingiza mikono mpaka kwenye wengu. Nikainuka haraka, nikarudi nyuma kama mtu aliyeona nyoka, nikapiga kelele kila mtu akae mbali.

Nilisema ni kimeta.

Neno hilo halihitaji kurudiwa; ugonjwa huo huua mnyama na mtu anayemla. Waliokuwa wamebeba magogo waliyaangusha. Nyapara Muchiri alikuwa wa kwanza kukimbia, kofia ikabaki chini. Nilichagua ugonjwa huo kwa sababu ng'ombe wa shamba lenye kimeta hawaliwi, wala ng'ombe wa kwingine haletwi shambani. Nililifikiria usiku kucha. Mimi ambaye sijawahi hata kumpunja mteja kipande cha ini.

Bwana Miwani alikuja mpaka karibu. Hakuogopa. Alinitazama usoni muda mrefu.

"Koplo, wewe iko hakika?"

"Ndiyo, Bwana."

"Neno la askari wa Mfalme?"

Nikasimama wima. Nikasema ndiyo.

Tulimsukuma yule maksai shimoni kwa magogo, mimi na yeye tu, maana wengine hawakukubali kusogea. Tukamwaga mafuta ya taa, tukatia moto. Moto ule ule wa karamu. Mafuta yake yakaanza kunukia, kambi nzima ikasikia. Wanawake walitoka milangoni na watoto migongoni, wakasimama kwa mbali wakivuta ile harufu. Baadhi yao hawajaonja nyama tangu Krismasi. Nyama halali, safi, nilikuwa naigeuza jivu mbele yao.

Swaumu yangu ya leo sijui imekwenda wapi. Nilifuturu kwa maji, nikatapika.

Jumanne, 2 Juni

Karamu ilifanyika. Chai ya maziwa ya kopo, mikate kutoka duka la Mhindi, sukari bila kipimo. Redio iliwekwa dirishani, ikanguruma Kiingereza na nyimbo za kanisani, tukaambiwa sasa anaingia, sasa ameketi, sasa amevikwa. Nilisimama wima muda wote.

Wanaume walipita mbele ya picha. Saluti, kisha mkate. Mkate si kitu, hakuna aliyewahi kuapishwa kwa mkate. Gitau naye alipita. Saluti mbaya, ya raia, kiganja kimepinda. Akapokea mkate wake, akaula wote, akalamba vidole. Muchiri alikuwa akitafuta wa kumshika na hakumpata.

Ajabu ni kwamba walishangilia. Bwana alipoita hurei ya kwanza walijibu kwa nguvu, ya pili zaidi, ya tatu ndege wakaruka kwenye miti. Bibi mmoja mchuma kahawa aliuliza kama Malkia ana watoto. Akaambiwa wawili. Akasema Mungu amlindie, kazi ya namna hiyo na watoto wadogo!

Bwana Miwani alinigeukia, uso umelowa. "Unaona, Koplo? Wanampenda."

Siwezi kusema alikosea. Siwezi kusema alipatia. Bibi yule alisema kwa moyo. Wengine walikuwa wakishangilia kwamba wamepona, na jina la kushangilia walilopewa lilikuwa la Malkia. Mimi nilishangilia kwa sauti kuliko wote. Nilikuwa namwomba msamaha.

Alhamisi, 4 Juni

Daktari wa mifugo amefika Ruiru. Nimeitwa. Nilipanda baiskeli kama mtu anayekwenda kunyongwa.

Aliniuliza damu ilikuwa vipi. Nyeusi, Bwana, haikuganda. Wengu? Umevimba, laini kama uji. Hayo nilijifunza jeshini kwa kuona wanyama wa mizigo wakifa. Alichokora majivu kwa fimbo. Akasema kilichoungua kimeungua, akasifu tulivyochoma vizuri.

Amewadunga sindano ng'ombe wote wa shamba. Maziwa yatamwagwa mpaka atakaporidhika. Sikuwa nimefikiria maziwa. Watoto wa kambi hupewa maziwa yaliyotolewa siagi, ndiyo wanayotilia uji. Nilipokuwa naondoka nilipita yanapomwagwa, mfereji mweupe unaelekea mtoni na mbwa wawili wakilamba.

Shemeji yangu yuko huru. Nilijikumbusha hivyo njia nzima mpaka Thika. Sijutii. Lakini siwezi kusema nina furaha.

Jumapili, 7 Juni

Dereva wa Bwana Miwani ameleta kifurushi. Kikombe cha kauri chenye picha ya Malkia, taji juu, bendera mbili ubavuni, sikio la dhahabu. Vilitoka Uingereza vichache, memsabu aliwawekea wageni. Kikombe hiki, dereva alisema, Bwana ametoa mwenyewe kwa mtu aliyeokoa kambi nzima. Kuna maneno alituma: Malkia ana bahati kuwa na watu wakweli kama Koplo.

Nilikipokea kwa mikono miwili. Nikainamisha kichwa, dereva akadhani nimezidiwa na furaha.

Wambui hajaniuliza lolote kuhusu kimeta tangu siku ile, wala sijamweleza. Leo alinitazama, akatazama kikombe, akakifuta vumbi ambalo hakikuwa nalo, akakiweka rafuni kwenye vyombo vya wageni. Sikinywei. Ninaona haya mbele ya ule uso. Siku nzima nimekuwa nikipita mbali na rafu kama mtu anayemkwepa mdai.

Jumamosi, 13 Juni

Idd. Tuliswali asubuhi na ukungu. Binti yetu Asha amevaa gauni jipya. Wambui amepika pilau tangu alfajiri, mbuzi nimemchinja mwenyewe.

Gitau alikuja, amepewa kibali mpaka jioni. Alikula sana. Nyama ya kisu changu, sahani mbili, na mifupa akaivunja akafyonza. Alianza tena utani wake, akasema mjane wa ng'ombe sasa amekuwa mjane wa mbuzi. Wambui alicheka mpaka akashika mlango. Nilikuwa sijamsikia akicheka mwezi mzima.

Baadaye chai. Wambui alikuwa nje na sufuria, mimi nina mtoto mapajani, basi Gitau akasimama akajichukulia kikombe rafuni. Kile kile. Sikuwahi kumzuia.

Alikigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

"Ndiye huyu?"

Nikasema ndiye. Mezani siku ile alipita macho chini, hakumwona.

Alimtazama kwa makini, bila chuki, kama unavyomtazama mtu aliyeingia ndani na watu wakasahau kukwambia ni nani.

"Kumbe ni msichana tu," akasema. "Na hakuna mtu amemwambia vile jina yake inafanya huku."

Akajimiminia chai, akanywa taratibu mpaka mwisho, akanipa kikombe nimwongeze. Nikamwongeza.