Usilete Mbuzi Lodwar

Kakuma,
Januari 19

Kwa kaka yangu mpendwa Esekon,

Ejok. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na mama na shemeji Atiir, na kwamba kikohozi cha mama kimepungua tangu mlipohamia upande wa Lokori. Nijulishe pia habari za yule beberu wako wa pembe moja, maana nasikia bado anawaangusha wageni. Mimi mwili ni mzima. Barua hii anawaletea Asekon, mnunuzi wa mbuzi, kwa kuwa simu yako nimeipiga tangu Krismasi na haipatikani, na neno nililo nalo haliwezi kungoja mpaka mpande kilima kutafuta mtandao. Shemeji Atiir, najua ni wewe utakayemsomea. Nakuomba umsomee yote kama nilivyoandika, usiruke mahali hata ukiona aibu kwa ajili yangu.

Nianze na habari njema. Tangu Novemba mimi ni dereva. Naendesha gari la umeme la kampuni inayosafirisha mizigo kati ya Lodwar na Kakuma, pikapu nyeupe isiyokunywa petroli hata tone. Ungenicheka siku ya kwanza. Niliwasha, sikusikia mngurumo wowote, nikashuka kufungua boneti kama mtu mwenye akili, kumbe gari liko tayari linanisubiri mimi. Unakumbuka pikapu ya petroli ya marehemu mjomba, tulivyofika Kalokol tukitapika kwa harufu, na alivyokuwa akimwaga oili chafu kwenye laga, mto ukiwa mkavu, pale pale akina mama walipochimba maji? Hili halina mambo hayo. Halina moshi wala oili ya kumwaga, na mbuzi wa barabarani nalazimika kuwapigia honi kwa sababu hawanisikii nikija.

Hapa Kakuma nimepata rafiki anayeitwa Gatdet, mtu wa Sudan Kusini, fundi wa injini za petroli kambini. Tunabishana kila nikija. Yeye husema gari lisilo na oili ni njaa kwa watoto wake, na hapo simlaumu. Siku moja aliniuliza betri yangu ikifa itakwenda wapi. Nikamjibu kwamba kampuni itaichukua. Akasema yeye bado hajaona kampuni inayorudi kuchukua kitu kilichokufa. Akaniuliza tena umeme wenyewe unatoka wapi. Nikamwambia unatoka kwenye jua, na jua ni la watu wote. Akakubali kwamba jua ni la wote, lakini akataka kujua mahali pa kutandika hizo sola ni pa nani. Nilicheka, nikajifanya nina haraka, nikaondoka.

Sitaki mfikiri kwamba nalichukia gari hili. Hadi leo naamini ni bora kuliko la petroli. Mvua zimetukimbia miaka mingi, na wanaojua wanasema moshi wa magari ya dunia nzima una mkono wake katika jambo hilo. Lingekuwa gari baya, ningelitupia lawama zote nikalala usingizi wangu.

Gari hili linachajiwa hapa Kakuma na kule Lodwar. Hapa sola ziliwekwa kwenye uwanja wa mawe matupu na hakuna aliyepoteza kitu. Lodwar waliweka kando ya mto Turkwel, na sola hazitaki kivuli. Wiki mbili zilizopita watu walikuja na misumeno ya injini, nikawaona wakiimiminia petroli kutoka kwenye chupa, wakakata migunga yote iliyosimama pale. Nilihesabu visiki thelathini na kimoja. Kaka, ni ekwar yetu, miti ya urithi wetu kando ya mto. Kuanzia mgunga uliopinda, baba alipokuwa akitundika kibuyu chake, mpaka kwenye kichuguu kinachotutenga na miti ya mzee Nakuleu, hakuna hata mmoja uliobaki. Ile miti ambayo ukoo mwingine haukuthubutu kutikisa hata ganda moja la mbegu kulisha mbuzi wao bila kuja kwa baba kuomba.

Mzee Nakuleu alikuja akasimama kwenye visiki. Aliniuliza kama Esekon anajua. Nikamwambia unajua. Nilimdanganya.

Kwa hiyo nakusihi, usilete mbuzi Lodwar. Najua hesabu zako za kila mwaka: majani yakiisha huko, unatembea siku sita ukijua maganda ya baba yanakungoja chini ya miti. Safari hii mngefika na kukuta ua wa waya na vioo, na mbuzi wenye mimba hawawezi kurudi siku sita nyingine bila kula. Maganda ya Nakuleu hayatoshi nyumba mbili, mwenyewe ameniambia kwa huruma. Nenda Kerio kwa wajomba, hata kama mligombana mwaka juzi.

Sasa nifike pale ambapo kalamu imekuwa ikipazunguka tangu mwanzo. Oktoba, watu wa kampuni walipokuja kutafuta kiwanja, mimi ndiye niliyekuwa mkalimani wao. Walikuwa na fomu ya Kiingereza. Iliuliza kama kuna nyumba, kaburi, shamba au ua. Hakukuwa na hata kimoja. Kisha ikauliza kama kuna mtu anayeitumia ardhi ile. Mvua ilikuwa imenyesha, mbuzi wako mbali, hata vinyesi vilikuwa vimesombwa na maji. Mama mmoja wa kampuni, aliyekuwa akinisomea fomu, alinitazama akingoja. Hakunilazimisha, kaka. Alikuwa amesema tu kwamba shahidi wa mahali patakapochaguliwa ndiye atakayefikiriwa kwanza kwa kazi ya udereva. Nikamwambia hakuna mtu, ni vichaka tu, nikatia sahihi. Nilijidanganya kwamba wataweka sola katikati ya miti. Lakini nilijua ni wapi tuliposimama. Nilikuwa nimeuegemea ule mgunga uliopinda wakati naandika.

Nimeona haya hata kumtazama Gatdet. Jumatatu nilikwenda ofisini Lodwar nikaandika upya kwamba ardhi ile ina wenyewe na kwamba mimi nilisema uongo. Karani alipokea karatasi, akagonga muhuri, akasema mwenye ekwar aje mwenyewe kabla ya mwezi huu kuisha. Kazi hii nadhani itakwisha hapo, na iishe. Ndiyo sababu nasema mbuzi wasije, lakini wewe njoo. Njoo uwaambie kwa mdomo wako miti ilikuwa ya nani. Ukitaka kunipiga, nitasimama nipigwe.

Asekon ana gunia moja kwenye mzigo wake. Ni maganda niliyookota kwenye matawi kabla hayajachomwa, ya mwisho ya baba. Wape mbuzi, kisha mahali watakapolala msifagie zizi. Mama anajua kwa nini. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba mgunga huota vizuri ukitoka tumboni mwa mbuzi. Sijui kama wajukuu zetu watakaa chini yake, lakini nilishindwa kuyaacha yaungue.

Msalimie mama, umwambie nampenda na ninamwogopa. Wasalimie watoto, na wajomba mkifika Kerio. Shemeji Atiir, asante kwa sauti yako. Nimezoea kutia sahihi kwa majina mawili, langu na la baba, kama nilivyofanya kwenye ile fomu. Hapa nimeandika langu peke yake, mpaka uje uniambie kama lile lingine bado naruhusiwa kulitumia.

Mdogo wako,
Ekal