Maharage Kwenye Poti

Jumatano, Chapwa

Bado siamini. Wiki nzima Baraka anaikimbia poti kama kaona nyoka, na Jumatatu shule ya awali hawampokei akiwa bado na nepi.

Leo mchana mama mkwe, aliyefika jana kutoka Hasamba, kapiga kelele: "Mama Baraka, njoo! Mtoto anakojolea maharage!"

Nikakuta mwanangu kakaa kwenye poti, katulia tuli. Mama mkwe alidhani ni beseni jipya, akaloweka humo maharage ya jioni. Sikujua nimpigie makofi mtoto au nilie.

Nikayamwaga, nikaisugua poti kwa sabuni. Kabla ya kulala nimemwita tena Baraka. Kachungulia ndani, kagoma kukaa.

"Mama, maharage yako wapi?"