Alama Arobaini na Moja za Vema

Jumatatu, 3 Machi
Kijiti cha kupimia mkojo kimegeuka kijani iliyokolea. Alama tatu za protini. Tena! Soksi za jana zimechimba mfereji kwenye vifundo vilivyovimba. Ugonjwa wa figo umerudi, mara ya tatu sasa. Mama aliuliza nje ya mlango mbona nimekawia bafuni. Nikasema nanyoa ndevu. Ndevu zipi?

Jumanne, 4 Machi
Kliniki. Daktari alipitia karatasi yangu ya dawa, siku baada ya siku, kila siku alama ya vema. Akamwita sista: hebu njoo uone, laiti wagonjwa wote wangekuwa makarani kama huyu! Akaitoa nakala. Kisha akavua miwani.

Akasema: kama umemeza zote hizi na protini bado inavuja, ugonjwa umekuwa sugu. Vidonge vya steroidi vimeshindwa. Jumatatu nilazwe, nianze dripu ya dawa kali zaidi. Inashusha kinga ya mwili. Huenda ikagusa uzazi. Nitatia sahihi fomu ya ridhaa siku hiyohiyo.

Nikaitikia kwa kichwa.

Sikumwambia.

Jumatano, 5 Machi
Niandike hapa basi. Steroidi hazikushindwa. Sikuzimeza.

Zilinifanya uso mviringo kama sahani. Ofisini nikawa Mashavu. Dereva wetu hakosi neno: “Mashavu, anayekulisha ana dada?” Nikacheka nao. Kesho yake nikameza nusu. Baadaye robo. Baadaye hata chembe. Lakini vema niliweka kila asubuhi, maana karatasi inakaa kwenye mlango wa friji na mama huikagua kabla ya kugusa chai. Siku arobaini na moja!

Jioni mama alikuwa akimsema baba na jino lake bovu analolificha: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Alhamisi, 6 Machi
Kizaazaa masjala. Dereva amefuta safari moja kwenye daftari la gari kwa wino mweupe. Bosi wangu, mama mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu, akamshukia mbele yetu sote.

“Daftari halifutwi! Kata mstari mmoja, kosa lisomeke. Andika ukweli pembeni. Sahihi, tarehe.”

“Bosi, kilomita tatu tu!”

“Ungeandika tatu, ningekuwa nakunywa chai saa hizi.”

Watu wakavunjika mbavu. Mimi nilitazama meza. Kanuni hiyo nimewafundisha makarani wageni wangapi?

Jumamosi, 8 Machi
Nimeogopa kutwa nzima. Daktari atanifukuza. Mama atalia. Uso utavimba upya. Lakini kuingiziwa dripu kali kwa sababu ya uongo wangu mwenyewe — hapana. Hapana!

Jumapili, 9 Machi
Nimebandua karatasi kwenye friji. Kalamu nyekundu, rula. Mstari mmoja juu ya kila vema ya uongo. Pembeni: sikumeza. Sahihi, tarehe. Kwenye zile za mwanzo rula iliteleza. Kufika ya ishirini, mistari imenyooka.

Mama aliingia na ndoo. Akasoma akiwa amesimama. Akavuta kiti.

Kisha akaweka kidole. “Na hii ya tarehe ishirini na nne Januari?”

“Hiyo nilimeza nusu, mama.”

“Basi andika nusu. Usijidhulumu.”

Akabaki hapo mpaka ya mwisho. Alipoinuka alisema tu kwamba kesho tunakwenda wote.

Jumatatu, 10 Machi
Benchi la kliniki. Alama tatu bado. Begi la kulazwa miguuni, mama kando yangu na kitambaa kakikaza ngumini.

Sista kaja na fomu ya ridhaa: karani wetu, tia sahihi hapa nikakuwekee kitanda. Nikamwambia sista, kabla ya sahihi hiyo zipo arobaini na moja nyingine. Nikampa karatasi.

Aliangalia nyekundu ile. “We mtoto!” Akarudi ndani mbio, kandambili zinapiga sakafu.

Fomu imebaki mapajani, haina sahihi. Nasikia karatasi zinapinduliwa. Daktari anauliza nani kazikata vema hizi, sista anajibu mara mbili: yeye mwenyewe, daktari, kwa mkono wake. Kiti kimesukumwa nyuma.

Mama ameniambia nikae wima.

Kitasa kinazunguka —